Hawa jamaa wa makasha ya kifahari wametudharau mchana kweupe!

Wakuu, natetemeka kwa hasira. Ni ile kampuni inayotoa filamu kwenye diski; mnaijua, sina haja ya kuitaja. Leo wametangaza TENA ile filamu yao ya milipuko: diski ya 4K (ile ya picha kali zaidi), kasha la chuma, kijitabu, mabango. Tena! Vitukuu vyetu watazikwa na hilo kasha na bado kutapatikana dakika mbili "zilizosahaulika stoo".

Sasa mdau mmoja kauliza chini ya tangazo, kwa adabu kabisa, "Yeelen lini?" Wakamjibu kwa emoji ya kucheka. Emoji ya kucheka! Si "tutaangalia", si "haki zake hatuna". Emoji!

Yeelen, filamu ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyobeba Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la Cannes 1987! Baba anamwinda mwanawe kwa uchawi, mpaka mwisho ule mwanga unameza kila kitu. Nakala zinazozunguka mtandaoni zimebanwa mpaka mchanga na anga vimekuwa uji mmoja. Diski ya 4K inabeba hadi GB 100, wao wanazijaza milipuko. Mzee Cissé katutoka Februari 2025, na akiulizwa habari zake mtu anachekwa.

Sarraounia ya Med Hondo je? Tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, 1987, filamu inayotaka ukuta mzima. Finye ya Cissé huyo huyo je? Na msiniambie filamu za Afrika za zamani hazina watu. Touki Bouki ya Mambéty ni ya 1973. Ilisafishwa upya 2008, ikatoka kwenye diski 2013, na 2018 Beyoncé na Jay-Z wakaiga picha yake ya pikipiki kutangaza ziara yao. Hazina watu wapi?

Ile emoji ilikuwa na machozi ya kicheko kabisa. Machozi!

Reli35: Mkuu povu lote hili kwa ajili ya emoji? Kunywa maji kwanza.

Mleta uzi: Si emoji, ni dharau! Wamemcheka Cissé!

Reli35: Wamemcheka aliyeuliza. Au ndiye wewe?

MamaProjekta: Mwacheni, ana hoja. Ila mimi naomba hao hao wasiiguse Yeelen. Watazifuta chembechembe zote za asili za picha ya filamu, nyuso zibaki laini kama nta. Negativu nzuri, halafu mtu anapiga pasi juu yake!

MzeeKanda: Hapo kwenye nta umenigusa dada. Kuna filamu yangu ya utotoni waliifanya hivyo, mhusika mkuu hana kunyanzi wala kinyweleo. Nilidhani ni mwanasesere.

KashaTupu: Nyie mnalia nta, mimi diski zinakuja kwenye mifuko ya karatasi ngumu, ukichomoa tu mkwaruzo. Kasha bei ya ng'ombe, ndani bahasha!

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye EMOJI.

Kanda_B: Kuna hili pia. Diski zao nyingi za Blu-ray zimefungiwa zicheze kwenye mashine za kanda A tu, yaani Amerika na sehemu ya Asia; Afrika na Ulaya tumewekwa B. Hata wakiitoa hiyo Yeelen utaishia kuangalia jalada.

Reli35: Diski za 4K hazina kufuli la kanda mkuu.

Kanda_B: Ile ya Blu-ray iliyomo kasha hilo hilo inalo, na nyongeza zote ziko humo. Umeshawahi kufungua kasha au unasoma tu nyuma?

MamaProjekta: Hahaha kaka kashikwa.

Mleta uzi: Hakuna hata mmoja aliyeiona hiyo emoji?

MzeeKanda: Swali la pembeni: manukuu ya njano au meupe?

KashaTupu: Njano. Meupe juu ya theluji hayasomeki.

Kanda_B: Njano inaua picha nzima. Weka meupe yenye kivuli.

KashaTupu: Kivuli?? Ngoja nifungue uzi wangu.