Laptopu yenye skrini zaidi ya moja: ipi umeifanya kuu? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Ntinda:
Wakuu, mimi ni mtu wa mahesabu. Monita ya inchi 24 iko mbele ya macho, laptopu iko kushoto. Monita ndiyo nimeipa ukuu, kwa sababu programu nyingi hufungukia kwenye skrini kuu na shingo haivumilii kugeuka kutwa nzima. Kwenye Windows 11 bonyeza kulia mahali patupu, ingia Display settings, gusa mchoro wa skrini unayoitaka, fungua Multiple displays, kisha tia alama kwenye "Make this my main display". Wengi hudhani namba 1 ndiyo kuu. Siyo, zile namba ni za kutambulishia tu. Wenzangu mmepangaje, na kwa nini?

Nasser Road:
Huku ni mabango na kadi za harusi, na mimi kuu ni ya laptopu. Umeme ukikatika, laptopu ina betri, monita inabaki giza. Tena monita nyingi za HDMI (waya wa kupeleka picha) zikikosa umeme, kompyuta huendelea kuziona kana kwamba ziko kazini, kwa kuwa waya bado umechomekwa. Madirisha yanabaki kulekule gizani, na kama hiyo ndiyo kuu, hata programu mpya inafungukia huko huku mteja amesimama anangoja kadi zake! Dawa ya uhakika ni kuchomoa waya. Kila kitu kinarudi kwenye laptopu.

Mwalimu, Mbarara:
Namuunga mkono mwenzetu wa Nasser Road, ila kwa sababu nyingine. Projekta isiwe kuu kamwe. Ikiwa kuu, faili zako na jumbe zinazoingia huonekana ukutani mbele ya darasa zima. Mimi nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nachagua Extend (kila skrini ionyeshe mambo yake), si Duplicate (zote zionyeshe kitu kilekile). Hapo PowerPoint, ukiwasha Presenter View, hupeleka slaidi ukutani na kuniachia maelezo yangu kwenye laptopu. Walimu wenzangu, hili lijaribuni kabla ya kipindi, si wanafunzi wakiwa wamekaa.

Kasese:
Jamani, kwangu kile kisanduku cha "Make this my main display" kimefifia, hakibonyezeki. Nifanyeje?

Mwanzisha mada, Ntinda:
Ndugu wa Kasese, yaelekea umegusa mchoro wa skrini ambayo tayari ni kuu. Gusa ule mwingine. Kama unaona mchoro mmoja tu wenye 1|2, uko kwenye Duplicate; badili kwanza uwe Extend.

Kasese:
Ilikuwa Duplicate. Kimefunguka, asante sana ssebo.

Arua:
Sisi tunaotumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, ni Settings, Displays, halafu Primary Display. Monita yangu nimeiweka juu ya laptopu, basi na michoro pale nimeipanga hivyohivyo, moja juu ya nyingine, ili kishale cha kipanya kivuke kwa kupanda. Ukiiacha michoro ubavu kwa ubavu utakitafuta kila mara.