Tozo ya msongamano: wananchi waulizwe kabla au baada ya kuionja?

Swali
Ndugu zangu, wataalamu wa uchumi wa usafiri wamesema kwa miaka mingi kwamba kumtoza dereva anayeingia katikati ya jiji saa za msongamano hupunguza foleni, na Singapore imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1975. Hata hivyo, miji iliyothubutu kuiga ni michache mno. Wanasiasa wanaogopa nini hasa, na waliofaulu walipitia njia gani?

Jibu la kwanza
Wanaogopa kura. Dereva anajua mapema atalipa nini, ilhali abiria ambaye basi lake litawahi kufika bado hajijui kuwa ni mnufaika, kwa hiyo hana sababu ya kuitetea tozo. Ndiyo maana kura ya maoni ikitangulia, mpango huzikwa: Edinburgh mwaka 2005 takriban asilimia 74 ya waliopiga kura waliukataa, na Manchester mwaka 2008 takriban asilimia 79. Stockholm iligeuza utaratibu huo. Ilianza na majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yaliyovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa karibu asilimia 20, na wakazi wakaulizwa mwezi Septemba, wakati tozo imekwisha kusitishwa na foleni zimeanza kurudi. Walikubali, ingawa kwa tofauti ndogo.

Jibu la pili
Ndugu, hoja yako naiafiki, lakini umeacha jambo moja zito: ni nani aliyeulizwa? Manispaa kadhaa zinazoizunguka Stockholm ziliendesha kura zao wenyewe, na kwa jumla zilikataa; iliyozingatiwa ni kura ya jiji. Huko Gothenburg, jiji jingine la Sweden kama Stockholm, hali ilikuwa ngumu zaidi kuielezea, kwani tozo ilianza mwaka 2013, mwaka uliofuata wengi wakaikataa katika kura ya maoni, nayo ikaendelea, kwa kuwa mapato yake yalikwisha kutengewa miradi mikubwa ya usafiri. Kuionja tozo, basi, si lazima kumfanye mtu aipende.

Jibu la tatu
Mimi ningetazama kwanza mwenye mamlaka. London, Ken Livingstone aliinadi tozo alipogombea umeya na kushinda mwaka 2000, sheria ilikuwa imempa meya uwezo wa kuianzisha, mabasi yakaongezwa kabla, na Februari 2003 ikaanza kwa pauni 5 kwa siku. Mwaka uliofuata akachaguliwa tena. Meya wa New York, Michael Bloomberg, hakuwa na uwezo huo: mpango wake ulikufa katika bunge la jimbo mwaka 2008 bila hata kupigiwa kura. Sheria ilipopitishwa hatimaye mwaka 2019, bado Gavana Kathy Hochul aliusimamisha utekelezaji Juni 2024, wiki chache kabla ya kuanza, na tozo ikaja kuanza Januari 2025 kwa dola 9 badala ya 15 zilizokuwa zimepangwa. Kwa maoni yangu, aliyehitaji kushawishiwa muda wote huo hakuwa mkazi wa Manhattan, sehemu ya katikati ya New York inayohusika na tozo, ambaye mara nyingi hata gari hana, bali mbunge wa vitongoji vya nje.