Mafundi wa Lubumbashi, kubadilisha spea mnajua, kupima je? Wiki tano Toyota Mark II yangu inamisi (silinda inakosa kuwaka)!

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na mikono bado inanuka esansi (petroli), kwa hiyo mnisamehe nikipandisha sauti.

Wiki tano. Garaji tatu. Dola 460. Na kilichokuwa kinaitesa gari yangu ni mpira wa waya mmoja wa umeme uliopasuka. Mpira! Kitu ambacho kila mmoja wa wale mafundi alikishika kwa mkono wake, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake.

Gari yenyewe ni Mark II Tourer V ya mwaka 1997, ile JZX100, usukani kulia. Ilishuka meli Dar es Salaam, ikakaa huko miaka kadhaa, kisha ikapita Tunduma, ikaikata Zambia, ikaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Chini ya boneti kuna injini ya 1JZ-GTE, silinda sita za mstari, cc 2,491, turbo moja. Mwenyewe wa kule Dar alikuwa mtu wa mbio: kipoza hewa kikubwa mbele, ekzosi ya inchi tatu, kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliyoandikwa upya, busti (mgandamizo wa turbo) kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Wanaotaka kuniambia "ulitaka mbio, vumilia" wasubiri kidogo, nitawafikia.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi unawasha, inaunguruma vizuri, haitetemeki. Mjini unazunguka nayo siku nzima, msongamano wote wa mtaa wetu wa Kenya mpaka ule wa Katuba, hata kikohozi hamna. Lakini ukitoka barabara ya Kipushi ukakanyaga, turbo ikaanza kuvuta, sindano ya busti ikafika kilo 0.8 na injini mizunguko 4,000, hapo inaanza: pa, pa-pa, gari inavutwa nyuma kama mbuzi anayekataa kamba, moto unapasuka kwenye ekzosi. Unaachia mguu, inatulia. Na mwezi wa saba, hewa ikiwa ya baridi ile ya asubuhi, ilizidi kuliko mchana.

Mtu anayejua kazi yake, kwa maelezo hayo tu, amekwisha kupunguza nusu ya maswali. Gari inayomisi ikiwa na mzigo tu, na ikiwa tupu haina neno, inakuambia mahali pa kuanzia. Lakini ili isikike lazima mtu asikilize.

Garaji ya kwanza walichomeka mashine yao ya kusoma makosa, wakanipa jibu la kishujaa: "Shefu, kompyuta inasema hakuna kosa." Bila shaka haisemi! Gari ya soko la Japani ya miaka ile haina ule mfumo wa kuhesabu misi silinda kwa silinda kama za siku hizi. Kusoma makosa yake unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kisanduku cha chini ya boneti, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Hawakujua. Wakaniuzia buji sita (wa Tanzania mnaita plagi) kwa dola 45, wakazifunga kama zilivyotoka kwenye boksi. Nitarudi kwenye hizo buji.

Ya pili walisema ni bobini (koili inayotengeneza umeme wa cheche). Bobini tatu za mtumba, dola 50 kila moja. Haikusaidia. Basi ni injekta (zinazopulizia mafuta): dola 60 kuziosha. Haikusaidia. Basi ni pampu ya mafuta: dola 85. Kumbe ugonjwa unatafutwa mfukoni mwangu! Kila jioni nilipigiwa simu kwamba "imepona", kila asubuhi ilikohoa palepale.

Ya tatu ndiyo iliyonitia uchungu zaidi, kwa sababu yule kijana alikuwa na laptopu na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi, nikasema Mungu amenikumbuka. Tukatoka naye barabarani. Gari ikimisi, kipimo kinaruka kutoka 11.5 hadi 14 (uzito wa hewa kwa uzito mmoja wa mafuta). Akanigeukia: "Yaya," yaani kaka mkubwa, "mafuta hayatoshi." Akaongeza mafuta. Tukarudi, bado. Akaongeza tena. Dola 120 kwa kazi hiyo.

Sasa sikieni, maana hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa. Kile kipimo hakioni mafuta, kinaona oksijeni. Silinda isipowaka, hewa yake yote inatoka kwenye ekzosi mbichi na oksijeni yake haijaguswa. Kipimo kinaiona, kinapiga kelele kwamba mafuta ni machache, kumbe mafuta yamo tele, hayakupata moto tu. Ukiongeza, unalowesha buji zaidi, inamisi zaidi, kipimo kinapanda zaidi, nawe unaongeza tena. Baada ya wiki mbili za mtindo huo nilichomoa kijiti cha oili nikanusa: esansi. Oili imekuwa nyepesi kama chai. Oili hiyo ndiyo inayolinda beringi na turbo! Angeendelea mwezi mmoja, angeniua injini kweli.

Na hiyo injini, kumbe walikwisha kuizika. Nilirudi kwa wale wa garaji ya pili, mzee wao akapima kompresheni (jinsi kila silinda inavyobana hewa), akatikisa kichwa.

"Mutoto yangu, hii motere ilisha kufa."

"Silinda gani, papa?"

"Zote. Kitabu kinataka kilo kumi na mbili na kitu, hii iko kumi na nusu. Tafuta ingine Zambia."

Niliheshimu mvi zake, nikanyamaza. Lakini nyumbani sikulala. Namba zilikuwa 10.6, 10.8, 10.5, 10.7, 10.6, 10.8. Silinda sita zimechoka pamoja, siku moja, kwa kiasi kimoja, kama askari wa paredi? Kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Lubumbashi tuko juu karibu mita 1,200, hewa yetu ina mgandamizo wa kama asilimia 87 ya ule wa Dar. Pistoni inabana hewa inayoipata. Ukiipa chache, kipimo kitasoma kichache. Chukua asilimia 87 ya 12.3, unaangukia hapohapo kwenye 10.7. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo Toyota wanairuhusu hadi kilo 1. Yangu ni 0.3. Injini iko salama! Mtu alitaka nikanunue injini nyingine kwa sababu mji wetu uko mlimani.

Hapo ndipo nilipoamua. Mimi si fundi, nauza simu. Lakini nilinunua spana ya buji, kile kipimo cha majani membamba ya chuma cha kupimia nafasi, na Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikatoka na leki yangu (mdogo wangu) barabara ya Kipushi. Gari imepata moto, gia ya tatu, nikakanyaga mpaka ikaanza kumisi, palepale nikazima swichi, nikaweka nyutro, nikaiacha iteleze hadi pembeni. Siri ni hiyo: ukizima katikati ya ugonjwa, buji zinabaki na rangi ya ugonjwa. Ukirudi nazo mjini polepole, zimekwisha kujisafisha.

Tukazitoa za moto, kwa matambara, waendesha baiskeli za makaa wanatushangaa. Tano zilikuwa na masizi ya kawaida ya ule mchanganyiko wa kijana wa laptopu. Ya silinda namba 5 ilikuwa nyeusi, mbichi, inadondosha esansi.

Moja tu!

Injini hii ina bobini tatu kwa silinda sita. Kila bobini inalisha mbili kwa wakati mmoja: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Inakaa juu ya buji moja, na kwa mwenzake inapeleka umeme kwa waya. Bobini ikifa, 2 na 5 zinakufa pamoja. Mimi 2 ilikuwa nzima, 5 imelowa. Kwa hiyo si bobini (dola 150 kwaheri). Kama ni pampu, zote sita zingelia. Imebaki buji, injekta, au waya. Nikahamisha buji ya 5 kwenda silinda 1, tukarudia mchezo wote: bado ni 5. Na mafuta inapata, si ndiyo imelowa? Basi waya.

Usiku ule umeme wa mtaa ulikuwa umekatika kama kawaida yake, kwa mara ya kwanza nikashukuru. Giza totoro. Leki akashika injini kwenye mizunguko 2,500, mimi na kichupa cha kupulizia maji nikanyunyiza ukungu kidogo kwenye nyaya. Ndugu zangu, pale kwenye shingo ya mpira wa namba 5 nikaona mstari wa bluu unacheza, tik tik tik, kutoka kwenye mpira kwenda kwenye chuma cha hedi. (Msiguse, ule umeme utakurusha.)

Nilipouvuta ule mpira nikakuta umevimba na kupasuka upande, na shimo la buji lina oili. Gasketi ya kava ya juu inavuja, oili inateremka shimoni, miaka na miaka inapika mpira. Wale wote walioingiza spana mle waliikuta oili, wakaifuta. Na wale walioniuzia bobini walizifunga na waya zangu zilezile za zamani! Ni sawa na kumvalisha maiti viatu vipya.

Sasa unganisheni na zile buji. Nilizipima: nafasi ya milimita 1.1, namba ya joto ileile ya gari ya kiwandani. Kwa busti ya kiwandani sina ugomvi. Lakini kadiri hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji nguvu zaidi kuruka nafasi ile, inaweza kupita volti 20,000. Gari ikiwa tupu, kuruka ndani ni rahisi, umeme unapita ndani. Turbo ikibana, ndani kunakuwa kugumu, umeme unatazama huku na huku, unauona mpira uliopasuka, unatokea pale. Ndiyo sababu mjini ilikuwa malaika. Na asubuhi ya baridi hewa ni nzito zaidi, inajaa zaidi, inamisi zaidi. Kila kitu gari ilikuwa imekisema tangu siku ya kwanza.

Gasketi na seti ya waya: dola 38. Buji namba 7 za NGK (kwao namba ikipanda buji ni ya baridi zaidi, Bosch ni kinyume, angalieni msichanganye), nimezifunga milimita 0.75. Oili nimemwaga yote na filta. Yule kijana nimemlazimisha arudishe ramani ya zamani ya mafuta, akarudisha, bila kunitazama usoni. Jumapili iliyopita nimekwenda Kipushi na kurudi, kilo 1 hadi mizunguko 6,800, hata chafya moja sijasikia.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Anayesema nishushe busti niache ujana: mkubwa, kwa busti ya kiwandani mpira uliopasuka ungebaki umepasuka. Ningekuwa nimeuficha, ungenirudia mwakani.

Anayesema ni esansi ya kadhafi (muuza mafuta) wa barabarani: nilifikiria hivyo hata mimi, nikamwaga tangi zima wiki ya kwanza. Esansi yenye maji haichagui silinda namba 5.

Wanaotaka majina ya garaji, sitayataja. Mji ni mdogo, na mmoja wao ni jamaa ya mke wangu.

Lakini kuna jambo moja halijaisha. Bobini zangu tatu za asili, Denso zilizokuja na gari kutoka Japani, nzima kabisa kama nilivyowaonyesha, zilibaki garaji ya pili. Nimekwenda mara mbili kuzidai. Mara ya kwanza fundi yuko msibani, mara ya pili "shefu, tulizitupa". Zimetupwa wapi, na nani anatupa Denso Lubumbashi hii? Kila moja ina doti ya rangi nyeupe karibu na soketi, niliipaka mwenyewe. Mkiziona sokoni kwa dola 50, msinunue, nipigieni picha.