Mwanangu ni mkimya, ameambiwa hafai biashara

MamaEli_Moshi:
Habari zenu wapendwa. Nina meza ya viatu vya mitumba Kiboriloni, na mwanangu wa kwanza, miaka 19, ananisaidia. Shida haiti wateja. Wenzake wanapaza sauti "elfu tano, elfu tano!", yeye kainama anang'arisha viatu na kuvipanga namba kwa namba. Majirani wanasema ana maringo. Juzi alikwenda semina ya vijana, wakamjazisha maswali, akarudi na herufi nne za kuonyesha yeye ni mtu wa aina gani, na maneno kwamba watu wa aina yake hawafai biashara. Tangu siku hiyo sokoni haji. Naumia. Hizo herufi zina ukweli gani?

MwalimuMstaafu_Arusha:
Pole sana mama Eli. Kipimo hicho cha herufi nne huitwa MBTI, kilitungwa na Isabel Briggs Myers na mama yake, Katharine Briggs, wa Marekani, wakifuata mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung ya mwaka 1921. Kinagawa watu aina 16. Hata wenye nacho wanasema kisitumike kuchagua wa kumpa kazi, kwa hiyo hao wa semina wamemkosea kijana. Tena kinamlazimisha mtu awe upande mmoja, mkimya au mchangamfu, na wengi wetu tuko katikati. Akijibu upya baada ya wiki chache anaweza kupata herufi nyingine. Watafiti wengi sasa hupima tabia kuu tano, kila moja kwa kiwango chake. Ukimya wa Eli ni wa kweli, usimbishie. Ila karatasi ile haijawahi kufika mezani kwako.

DerevaSakina:
Shikamoo mwalimu. Mama, mimi naendesha watalii na ni mkimya vilevile. Wenzangu hupiga hadithi njia nzima hadi Ngorongoro, nikadhani sitadumu. Kumbe wageni wanaofuata ndege wanataka mtu wa kutulia na kutazama, na wakirudi wananiulizia. Je, wateja wa Eli wanarudi?

MamaEli_Moshi:
Marahaba mwanangu, swali lako limenikalisha chini. Kuna muuguzi wa Majengo, kila mwisho wa mwezi anauliza, "Yule kijana yupo?" Eli anajua mguu wake wa kulia umezidi wa kushoto, humwekea pea pembeni. Mimi mwenyewe sikuwahi kuugundua ule mguu! Nimemwambia sasa hivi: kesho njoo, kuita nitaita mimi. Amenyamaza kidogo, halafu akauliza kama ile brashi laini bado ipo.