Majirani Kimara 🏘️: Hesabu ya jana

*Jumapili*

08:14 Rehema Katibu: Habari za asubuhi wapendwa. Nawashukuru wote tuliotoka jana. Sasa tumalize hesabu. Chakula 189,000, watu 9, kila mtu 21,000. Waliotoa palepale mezani ni 6. Watatu mnajijua. Hiyo 63,000 kaibeba Neema. Mtumieni, na ya kutolea.

08:15 Rehema Katibu: 👤 Neema (namba)

08:52 Rehema Katibu: Mbona kimya? Tiki za bluu naziona.

09:10 Kessy Fundi: Na hela ya muvi nani ananirudishia? Steringi kafa hata bisi hazijapoa.

09:11 Mama Warda: 😂😂 Steringi hafi! Jana tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

09:13 Kessy Fundi: Halafu mwisho giza, taa zikawaka, eti itaendelea. Saa mbili na dakika arobaini kwenye baridi lile! Kibanda umiza, kwa jero tu, ningewekewa iliyotafsiriwa na Lufufu nikaelewa kila kitu.

09:20 Mzee Chande: Enzi zetu ilikuwa Drive-In, Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Gari moja watu wanane, wawili kwenye buti wasikatiwe tiketi. Picha ya Kihindi mpaka unatoa machozi.

09:21 Kessy Fundi: Mzee wewe ulikuwa kwenye kiti au kwenye buti?

09:26 Mzee Chande: Buti. Nilikuwa mwembamba.

09:27 Rehema Katibu: Jamani HESABU. Kessy, wewe ni mmoja wa hao watatu.

09:31 Kessy Fundi: Katibu, uliandika "tukutane saa 7:30". Mimi Mswahili, nikafika saa saba na nusu mchana. Nimekaa na mlinzi getini mpaka magharibi, ananihadithia ndoa yake. Nikajua chakula ndo fidia.

09:32 Mama Warda: Kumbe ndo maana sato wawili 😂

09:34 Rehema Katibu: Tiketi iliandikwa 19:30. Niliigeuza ili muelewe.

09:34 Kessy Fundi: Tulielewa.

10:02 Salma: Mimi nilikula chipsi kavu na maji. 6,000. Nimeshatuma 6,000. Sato za watu sizilipii.

10:03 Rehema Katibu: Salma, tulikubaliana kugawana sawa.

10:05 Salma: Tulikubaliana kama tulivyokubaliana Bagamoyo?

10:06 Rehema Katibu: Bagamoyo ilifungwa kikaoni.

10:08 Mama Warda: Ilifungwa sufuria langu likiwa wapi? Nililitoa zima, na mfuniko wake.

10:09 Salma: Muulize aliyeshuka nalo kwenye Kosta.

10:10 Rehema Katibu: Mama Warda, sufuria lina mjadala wake.

10:10 Mama Warda: Mwaka wa tatu huu lina mjadala wake.

10:31 Baba Junior: 👍

10:32 Rehema Katibu: Baba Junior dole la nini? Umetuma?

10:40 Neema: 🚫 *Ujumbe huu umefutwa*

10:41 Rehema Katibu: Neema umefuta nini?

10:49 Neema: Hamna kitu dada. Wakipata tu.

11:17 Bi Hidaya: Asalaam aleykum wanangu. Jana mlinichukua kwa heshima, nashukuru. Picha yenyewe niliilala, sina la kusema. Lakini mezani nilikuwa macho. Elfu ishirini na moja yangu niliifungua kwenye pindo la kanga nikaiweka. Nikawaona waliokwenda kunawa mikono wasirudi. Nikamwona yule kijana wa kuhudumia amesimama na karatasi yake, wenzake wanapandisha viti juu ya meza. Neema alilipa kutoka kwenye bahasha. Ile bahasha ina jina la mtoto na jina la shule. Yeye hatawaambia, nawaambia mimi. Kesho asubuhi mtoto ataulizwa getini.

12:47 Kessy Fundi: Nisamehe bibi.

12:50 Mama Warda: Aleykum salaam bibi. Tumesikia.

13:05 Mzee Chande: Bibi kasema. Mimi nililipa, lakini naweka 10,000 nyingine. Nimemtuma mjukuu ampelekee Neema mkononi, hizi simu siziwezi.

13:08 Rehema Katibu: Ahsante sana mzee. Basi Kessy 21,000, Baba Junior 21,000. Salma, hiyo kumi ya mzee nikupunguzie wewe?

13:09 Salma: Mimi siombewi.

13:10 Rehema Katibu: Nimeuliza tu.

16:22 Rehema Katibu: Mwisho saa tatu usiku jamani. Halafu mwezi ujao tusiende mbali, tutaangalia kwangu, kila mtu aje na chakula chake. Nani yupo?

16:40 Rehema Katibu: Nani yupo??

17:15 Mama Warda: Nitapikia kwenye nini?

21:36 Kessy Fundi: Nimekopa kwa shemeji, nipo kwa wakala. Katibu, ile namba jina linakuja la Mussa. Nitume?

21:36 Rehema Katibu: Ndo hiyo hiyo, tuma.

21:38 Neema: MSITUME HIYO. Hiyo ni laini ya baba yao. Hajui habari ya bahasha.

21:38 Kessy Fundi: Imeshaenda. 21,000 na ya kutolea.

21:39 Rehema Katibu: Neema si ndo uliyonipa mwaka jana?

21:41 Salma: Ngoja. Yangu ya asubuhi iliingia wapi?

21:41 *Neema anaandika…*