Mkimbiaji au wazuiaji wake: ungeanza kusajili upande upi?

MdauWaYadi
Wakuu, salamu kwa wote tunaokesha na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, Jumapili usiku. Nina hoja nataka tuipime kwa takwimu, ushabiki tuuweke pembeni. Msimu wa 2023 Saquon Barkley, mkimbiaji (anayepewa mpira akimbie nao), akiwa timu ya Giants alipata yadi 962, wastani wa 3.9 kila alipobeba mpira. Akahamia Eagles ya Philadelphia, na msimu wa 2024 akamaliza na yadi 2,005 kwa wastani wa 5.8, kisha wakabeba na ubingwa. Mtu ni yule yule, miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni wale wazuiaji watano wa safu ya mbele wanaomfungulia njia: Jordan Mailata, Landon Dickerson, Cam Jurgens, Mekhi Becton na Lane Johnson. Sasa tuseme umepewa timu, na pesa zinatosha upande mmoja tu. Unachukua mkimbiaji wa daraja la juu, au safu ya mbele iliyokamilika? Mimi nachukua safu, wala sifikirii mara mbili.

Fundi_Columbus
Nakazia, mkuu. Ila Barkley ni mtu mmoja kwenye timu mbili, na mtu akihama vinahama vingi pamoja naye. Ushahidi mzito uko Denver, ambako safu na mfumo vilibaki, wakimbiaji ndio wakawa wanabadilika. Terrell Davis, aliyechukuliwa raundi ya 6 ya drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) mwaka 1995, alikimbia yadi 2,008 mwaka 1998. Mwaka uliofuata akaumia goti mapema, akaingia Olandis Gary: 1,159. Mwaka 2000 akaja Mike Anderson, naye wa raundi ya 6: 1,487. Baadaye Clinton Portis akapita 1,500 misimu miwili mfululizo, na alipoondoka, Reuben Droughns akapata 1,240 mwaka 2004. Tena angalia Portis mwenyewe. Mwaka 2003 akiwa Denver wastani wake ulikuwa 5.5, na mwaka mmoja baadaye akiwa Washington ukashuka hadi 3.8.

BintiWaDetroit
Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba Barry Sanders hajawahi kuzaliwa. Misimu 10 Detroit, kila msimu zaidi ya yadi 1,000, jumla 15,269, wastani 5.0. Mwaka 1997 peke yake 2,053. Emmitt Smith wa Dallas ndiye mwenye rekodi ya ligi, yadi 18,355, lakini wastani wake ni 4.2, na mbele yake walikuwa Larry Allen, Erik Williams, Nate Newton na Mark Tuinei, kisha Daryl Johnston akitangulia kumpigia njia. Sanders alikuwa anapokea mpira na tayari kuna mtu wa timu pinzani amesimama mbele yake nyuma ya mstari mpira unapoanzia. Anamkwepa huyo, anarudi upande wa pili, anamkwepa mwingine, ndipo anaanza kuhesabiwa yadi ya kwanza. Hiyo safu haimfundishi mtu.

Fundi_Columbus
Dada, Sanders namheshimu sana, lakini tusiwadhulumu wenzake. Lomas Brown na Kevin Glover walikuwa wazuiaji wa kiwango cha Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Halafu kuna ile mechi ya mtoano dhidi ya Green Bay, mwisho wa Desemba 1994. Alikuwa ametoka kwenye msimu wa yadi 1,883. Siku hiyo alibeba mpira mara 13 akaishia yadi -1, yaani kwa jumla alirudishwa nyuma. Safu ikizidiwa kabisa, hata yeye alikwama.

Kijana_wa_Likoni
Hapo kwa Emmitt ngoja niingie, kwa sababu watu humpunja sana. Mwaka 1993 aligombana na uongozi wa Dallas kuhusu mkataba, akakosa mechi mbili za mwanzo. Safu ilikuwa ile ile inayosifiwa hapa. Mpira akapewa Derrick Lassic, kijana mgeni kwenye ligi. Dallas wakapoteza zote mbili. Emmitt akarudi, akaongoza ligi kwa yadi 1,486 ingawa alikosa mechi hizo, akawa mchezaji bora wa msimu, na timu ikachukua Super Bowl, fainali ya ligi. Mechi ya mwisho ya msimu, kule kwa Giants, bega lilimtoka na bado akamaliza na yadi 168. Kama kazi ni ya safu peke yake, Lassic alikwama wapi?

MdauWaYadi
Mfano mzuri huo, ndugu yangu, na sina namna ya kuukwepa. Lakini ni mechi mbili tu. Kwa mkimbiaji DeMarco Murray tuna misimu mizima: Dallas 2014 yadi 1,845 nyuma ya Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin. Akaenda Philadelphia 2015: 702, wastani 3.6. Dallas mwaka huo huo wakamweka Darren McFadden, ambaye wengi walishamfuta, akapata 1,089.

BintiWaDetroit
Na mwaka 2016 Murray akiwa Tennessee akapata 1,287. Mwaka 2014 alibeba mpira mara 392, mwili ulichoka. Isitoshe, Philadelphia walimkimbiza akianzia pembeni ya kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), wakati yeye alizoea kuanzia nyuma kabisa, auone mwanya ukifunguka ndipo aingie kwa kasi. Mfumo nao ni mchezaji.

Fundi_Columbus
Hilo la mfumo ndilo kiini. Ule wa Denver, chini ya kocha wa safu Alex Gibbs, watu watano wanapiga hatua pamoja kuelekea upande mmoja. Wawili wanamsukuma beki mmoja, kisha mmoja wao anamwachia mwenzake na kumfuata mlinzi wa nyuma. Mkimbiaji anakwenda nao sambamba akisoma, anakanyaga mguu mmoja chini, anakata mara moja tu na kupanda. Hakuna kucheza cheza. Sanders pale angeambiwa aache nusu ya anachokijua. Kwa hiyo safu inakupa yadi tatu au nne za mwanzo. Ukibaki na mlinzi mmoja wa mwisho uwanja mzima, hapo ni wewe na miguu yako. Barkley dhidi ya Rams, Novemba 2024, alifunga kwa mbio za yadi 70 na 72, akamaliza na 255. Mwanya alifunguliwa, lakini mtu wa kawaida angedakwa kwenye yadi ya 20.

Kijana_wa_Likoni
Na tusimsahau Jalen Hurts, kwotabeki wa Eagles msimu ule. Walinzi walilazimika kumchunga asikimbie mwenyewe, na hapo Barkley alipunguziwa mlinzi mmoja bila mlinzi huyo hata kuzuiwa.

MdauWaYadi
Turudi kwenye pesa basi. Drafti ya 2018: Giants walimchukua Barkley chaguo la 2. Alikimbia yadi 1,307 msimu huo, wastani 5.0, na timu ikamaliza na ushindi 5 na vipigo 11. Colts, chaguo la 6, wakamchukua mzuiaji, Quenton Nelson. Mwaka 2017 kwotabeki wao aliangushwa mara 56. Mwaka 2018 mara 18, na timu ikatoka ushindi 4 hadi 10. Ndiyo, Andrew Luck alikuwa amerudi kutoka kwenye jeraha la bega, na hilo lina uzito wake mkubwa. Lakini ningekuwa mezani siku ile, ningemtaja Nelson, kisha nikasubiri raundi ya 3 au ya 4 kutafuta wa kumpa mpira.

BintiWaDetroit
Mimi ningemtaja Barkley, ila raundi ya 2 na ya 3 zote nazimalizia kwa wazuiaji. Kosa la Giants ni kwamba miaka sita alicheza kule bila kuzungushiwa watu.