Mji Mkongwe kwa bei nafuu: Malindi, Kiponda, Shangani au Ng'ambo?

Mtanga_3
Assalamu alaykum. Tunakuja watu watatu, usiku nne, mwezi wa Aprili, kwa boti ya mchana kutoka Dar. Tunataka bei ya chini, lakini maji na usingizi ni lazima. Tumeona vyumba Malindi, Kiponda, Shangani na kimoja Michenzani. Mmoja wetu ni mama mtu mzima, magoti yanamsumbua. Tuchukue wapi?

BintiKiponda
Waalaykum salaam, karibuni sana. Umbali usiwasumbue. Kutoka bandarini mpaka Vuga, upande wa pili wa Mji Mkongwe, ni kama dakika ishirini kwa miguu, na mama akienda taratibu, nusu saa. Kinachotofautisha mtaa na mtaa ni kelele, ngazi, na gari inaishia wapi.

Malindi ni karibu na boti, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Lakini soko la samaki liko pale pale: alfajiri mnada umeshaanza, na upepo ukigeuka harufu inaingia mpaka chumbani. Ombeni chumba kisichotazama bandari. Kiponda kuna utulivu zaidi, ila gari haiingii. Teksi itawashusha barabarani, halafu mizigo ni begani au kwa mchukuzi, na bei yake mpatane kabla hajanyanyua begi. Shangani kuna bahari na bustani ya Forodhani, nanyi mtalipia mandhari hayo. Kwa bajeti yenu mimi ningeliiacha.

Mkunazini hamkuitaja. Soko la Darajani liko hatua chache, matunda na mkate mnapata asubuhi mapema, na nyumba za ukingoni gari inafika karibu. Kwa ajili ya mama, ningeanzia huko.

Fundi_Chokaa
Aprili ni masika, basi tazameni ukuta kabla ya godoro. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Chokaa hunywa maji na kuyatoa polepole. Mtu akija akaipiga plasta ya saruji juu yake, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda ndani kwa ndani na chumvi yake, rangi inavimba, kisha inabanduka kama magamba. Chumba cha chini cha namna hiyo kinanuka uvundo hata kama kimepakwa rangi jana. Pitisheni kiganja nyuma ya kitanda, usawa wa goti. Kikirudi na unga mweupe au unyevu, ombeni kingine.

Chumba cha juu kabisa nacho kina lake. Bati lililopigwa jua kutwa linashusha joto mpaka usiku wa manane, na feni inazungusha joto lile lile. Tafuteni ghorofa ya kwanza, madirisha mawili pande mbili ili hewa ipite. Lakini mama azijaribu ngazi kwanza: za nyumba za zamani zimesimama wima, na vidato havilingani.

Gari_309
Mbona Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, mnaipita mbio? Michenzani gari inafika mlangoni, chakula ni bei ya wenyeji, na Darajani ni kama dakika kumi kwa miguu. Kwenda uwanja wa ndege panda daladala namba 505. Mkitaka shamba, yaani nje ya mji, Nungwi ni 116 na Jambiani ni 309. Kasoro ni usiku: mkitoka Forodhani saa nne mtahitaji teksi, na teksi nne kwa usiku nne zinaweza kula nafuu yote mliyoipata kwenye chumba. Pigeni hesabu hiyo kwanza. Na kama chumba ni ghorofa ya tatu au ya nne bila lifti, kwa magoti ya mama hakifai.

Mtanga_3
Shukran sana. Kuhusu maji, tuulize nini?

BintiKiponda
Msiulize "maji yapo?" Jibu ni ndiyo kila mara. Ulizeni tangi la juu ni lita ngapi na nyumba inalaza wageni wangapi. Umeme ukikatika pampu haipandishi kitu, mnabaki na kilichomo tangini. Lita 1,000 kwa wageni ishirini ni lita hamsini kwa mtu, yaani siku moja tu. Mkifika, fungueni bomba la kuogea dakika mbili, muone kama maji yanapungua nguvu. Na mjaribu sabuni: maji ya kisima cha karibu na pwani huwa na chumvi, povu halitoki.

Fundi_Chokaa
Jengine ni papasi wa bandarini, dalali anayewapeleka wageni kwenye nyumba za kulala. Mkimfuata mpaka mlangoni, kamisheni yake inaingia kwenye bei yenu ya kila usiku. Pigeni simu mapema, mwenye nyumba awapokee nje ya geti.

Gari_309
Na mwulizeni bei ya mkaazi, vitambulisho mkononi. Akitaja dola, ajibu anageuza kwa shilingi ngapi, na kama tozo ya miundombinu imo ndani ya bei. Inatozwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, kwa hiyo nyinyi ni tozo kumi na mbili, si nne.

Mtanga_3
Basi tunatafuta Mkunazini, ghorofa ya kwanza, kitanda cha tatu kiwekwe humo humo. Kesho tunapiga simu kuuliza tangi.